Anayetazamwa ni Mwalimu

Mwaka 1996, walimu wa shule mbili za awali katika manispaa ya Gävle, kaskazini mwa Stockholm, walianza kujirekodi kwa video wakiwa kazini. Shule zenyewe ni Trödje na Björntomten, na aliyewatia shime ni Ingemar Gens, ambaye kazi yake ilikuwa kushauri kuhusu usawa wa jinsia. Walimu hao hawakudhani kuwa wana la kuficha. Sweden ilikwishazoea kutajwa miongoni mwa nchi zilizotangulia kwa usawa, na wao wenyewe walijihesabu kuwa sehemu ya sifa hiyo. Kisha wakaketi kutazama mikanda. Waliona wavulana wakichukua sehemu kubwa ya muda na maneno ya mwalimu, maneno mengi yakiwa mafupi ya kuamrisha na kukataza. Waliona wasichana wakigeuzwa wasaidizi: huyu apitishe chakula mezani, yule ambembeleze mwenzake anayelia, na malipo yao yakawa kusifiwa kwa utulivu. Mpango huo haukuwa umeandikwa popote. Ulikuwa mikononi mwa walimu na katika sauti zao, na hadi kamera ilipowekwa, wao ndio waliokuwa wa mwisho kuujua.

Naanza na mikanda hiyo kwa sababu mjadala juu ya jinsia katika elimu ya awali umezoea kuanzia kwingine kabisa. Ukilitaja suala hili mbele ya wazazi wa Dar es Salaam au Mombasa, na mara nyingi hata mbele ya wazazi wa Texas, picha inayowajia ni ya mwalimu aliyesimama mbele ya watoto wa miaka minne akiwasomesha mambo ya chumbani. Picha hiyo ina nguvu ya kuendesha sera. Februari 2023 wizara ya elimu ya Tanzania ilipiga marufuku orodha ya vitabu visitumike shuleni, mfululizo wa Diary of a Wimpy Kid ukiwemo, kwa maelezo kuwa vinakwenda kinyume na maadili ya taifa. Sisemi kuwa hofu hiyo ni ya kijinga. Mzazi anayeuliza mwanawe anafundishwa nini anafanya kazi yake. Nasema picha yenyewe imekosewa. Kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano, kumjumuisha kila mtoto na kila familia ni nidhamu ya mtu mzima kwanza, na somo la mtoto baadaye sana, kama ni somo hata kidogo. Sweden, nchi iliyokaa na jambo hili muda mrefu kuliko karibu nyingine zote, ilifanikiwa pale ilipoishika kanuni hiyo, na ilijikwaa pale ilipoisahau.

Mazingira yake yanahitaji kuelezwa kidogo. Shule ya awali ya Sweden huwapokea watoto kuanzia umri wa mwaka mmoja, na zaidi ya asilimia 80 ya watoto wa mwaka mmoja hadi mitano huhudhuria. Si lazima kwa sheria, lakini katika nchi ambako baba na mama wote hufanya kazi, na ada imewekewa kikomo tangu 2002, wachache hukaa nyumbani. Mwaka 1996 huduma hiyo ilihamishwa kutoka idara za ustawi wa jamii ikawekwa chini ya wizara ya elimu, na mwaka 1998 ikapata mtaala wake wa kwanza, ulioitaka shule ipinge mifumo ya kijadi ya majukumu ya kijinsia. Kitenzi kilichotumika kilikuwa kupinga, na shule ambayo haikufanya lolote haikuweza kudai kuwa imeutii. Kati ya 2003 na 2006 serikali iliunda tume ya kuchunguza usawa katika shule za awali. Mwaka 2009 ikaja sheria mpya dhidi ya ubaguzi, inayotaja misingi saba, na miongoni mwayo ni mwelekeo wa kimapenzi na utambulisho wa kijinsia. Inawabana wenye shule kama inavyowabana waajiri. Mwaka huohuo ndoa za watu wa jinsia moja zikaruhusiwa. Wanawake wawili wanaoishi pamoja walikwishapata haki ya kusaidiwa kupata mimba hospitalini tangu 2005. Kwa hiyo, kabla mtaalamu yeyote hajaandika mwongozo, mtoto mwenye mama wawili alikuwa amekwishafika mlangoni pa shule, akining'iniza koti lake kwenye kulabu pamoja na wenzake. Shule haikumwita. Ilichobaki nacho ni kuamua itampokea vipi.

Jambo la pili la kuelewa ni jinsi mtoto mwenyewe anavyoifahamu jinsia, maana hapa wapinzani na watetezi hukosea kwa pamoja. Mtoto wa miaka miwili au mitatu hujua kujiita mvulana au msichana, lakini hajui bado kuwa sifa hiyo haibadiliki kwa nguo wala nywele. Lawrence Kohlberg alilieleza jambo hili mwaka 1966: ufahamu huo hukomaa karibu na umri wa kuanza shule ya msingi. Katikati ya hapo kuna miaka ambayo mtoto ameshika kanuni bila kushika maana, na mtu wa namna hiyo huwa mkali kuliko hakimu. Mvulana wa miaka minne anayewaambia wenzake kuwa aliyevaa rangi ya waridi si mvulana hakutumwa na mtu. Anapanga dunia kwa ishara alizonazo. Ndiyo maana wazo la kwamba shule ikinyamaza mtoto atabaki mweupe kama karatasi halina msingi. Mwalimu akinyamaza, wasemaji ni hao mahakimu wa miaka minne.

Na ishara hizo zinaanza mapema mno. Mwaka 1978 Caroline Smith na Barbara Lloyd, watafiti wa Uingereza, waliwapa akina mama mtoto mchanga wasiyemfahamu wacheze naye. Mtoto yuleyule safari moja alivishwa na kuitwa jina la kike, safari nyingine la kiume. Aliyedhaniwa mvulana alichangamshwa viungo zaidi, arushwe miguu na kuhimizwa kusogea; aliyedhaniwa msichana alitulizwa zaidi, na kitu cha kuchezea alichopewa kwanza kilifuata jina lake. Akina mama wale hawakuwa wakatili wala washamba. Walikuwa wanapenda kwa namna walivyofunzwa kupenda. Waswahili tunasema samaki mkunje angali mbichi, na methali hiyo hutajwa na pande zote mbili za mjadala huu, kila upande ukimwogopa mkunjaji wa upande wa pili. Kinachosahauliwa ni kwamba samaki huyu anapofika shuleni amekwishakunjwa na mikono mingi, na mingi ya mikono hiyo haikujua kuwa inakunja.

Gävle ilipogundua hali yake, hatua yake ya kwanza ilikuwa ya ajabu kidogo. Waliwatenga wavulana na wasichana kwa baadhi ya saa za siku, ili kila kundi lizoezwe lilichokosa: wasichana wajifunze kusema kwa sauti na kushika nafasi, wavulana wajifunze ukaribu na kupokezana. Mantiki yake inaeleweka, na kwa muda ilisifiwa. Lakini baada ya miaka michache wakosoaji wa ndani walionyesha kasoro yake. Kumtoa mtoto kwenye kundi kwa sababu ya jinsia ili kumfunza kuwa jinsia haimfungi ni kumfundisha mambo mawili yanayogombana, na mtoto huamini kile anachotendewa kuliko anachoambiwa. Tena, mpango huo ulidhani kuna mikoba miwili tu ya watoto, wa kelele na wa kimya, na kwamba kila mmoja amezaliwa ndani ya mkoba wake. Msichana mkorofi aliwekwa kundi gani la kuongezewa ujasiri? Kitabu cha Kristina Henkel na Marie Tomičić cha 2009 kilibeba jibu la kizazi kilichofuata katika jina lake, linalomtaka mzazi ampe mtoto nafasi 100 badala ya 2.

Hapo ndipo walimu walipoanza kuhoji kitu wanachokiita kawaida, yaani mazoea ambayo hayajitaji. Orodha ya mahudhurio ina nafasi ya jina la mama na jina la baba: aliye na mama wawili aandikwe wapi, na aliyelelewa na bibi yake je? Kila Mei kuna kadi za kutengeneza: ni za nani? Kwenye hadithi za kusoma kabla ya kulala, ni familia ya namna gani ambayo haitokei kamwe? Angalia jinsi maswali haya yanavyomgusa mtoto yatima, mtoto wa baba aliyefungwa, mtoto wa kambo na mtoto wa kuasili sawasawa na mtoto wa wanawake wawili. Nadhani hii ndiyo nguvu halisi ya mtazamo huo, na ndiyo sehemu inayosemwa kwa sauti ndogo kuliko zote. Mwelekeo wa kimapenzi unaingia katika shule ya awali kupitia mlango wa familia, karibu kila mara. Mtoto wa miaka mitatu hana habari na mapenzi ya watu wazima na hazihitaji. Anachotaka kujua ni nani atakuja kumchukua mwenzake saa kumi, na kwa nini anamwita hivyo anavyomwita.

Kisha ikaja Egalia. Shule hii ndogo ilifunguliwa mwaka 2010 mtaani Södermalm, Stockholm, chini ya uongozi wa Lotta Rajalin, na mwaka uliofuata waandishi wa habari walimiminika kutoka pande zote. Walimu waliepuka kusema wavulana na wasichana, wakasema marafiki. Matofali ya kujengea yaliwekwa makusudi kando ya jiko la kuchezea, ili kusiwe na safari ndefu kati ya ujenzi na upishi. Rafu ya vitabu ilikuwa na hadithi za mzazi mmoja, za watoto wa kuasili na za wanaume wawili wanaolea. Na mara kwa mara walitumia neno hen, kiwakilishi kisichotaja jinsia. Kisweden kina han kwa mwanamume na hon kwa mwanamke. Hen lilipendekezwa kwenye makala ya gazeti tangu 1966, likalala, likafufuka, na mwaka 2015 likaingia katika orodha ya maneno ya Akademia ya Sweden. Dunia ilicheka, baadhi wakatishia. Herufi moja ilibeba matumaini yote na hasira zote.

Msomaji wa Kiswahili ana nafasi ya pekee ya kuipima herufi hiyo. Sisi tunayo hen tangu zamani. Tunasema yeye, tunasema anakuja, amelala, mpe maji, na sentensi haitaji kama ni wa kiume au wa kike. Mtoto ni mtoto, mwalimu ni mwalimu, ndugu ni ndugu. Kama kiwakilishi ndicho kinachomfungua mtoto, basi pwani yetu ingekuwa Egalia ya miaka mia kadhaa. Haiko hivyo, na kila mmoja wetu anajua. Lugha yetu imeificha jinsia mahali pengine: mwanamume anaoa, mwanamke anaolewa, na kosa la kubadili viambishi hivyo huchekwa hata na mtoto wa chekechea. Tazama watoto katika mchezo wa baba na mama, ule ambao huko Kenya huitwa kalongolongo; baba anatoka kwenda kazini, mama anapika mchanga kwenye kifuu, na kiwakilishi kimoja, yeye, kinatosha kwa wote wawili. Kwa hiyo naungana na wanaosema kuwa hen haitabadili mtoto. Naongeza tu kwamba kama haibadilishi, basi haikustahili hofu iliyomwagiwa, na walimu wa Egalia waliojitahidi nayo sana walikuwa wakiitumia, nadhani, kujikumbusha wao wenyewe. Neno geni mdomoni humfanya msemaji asite, na katika kusita huko akajisikia alichotaka kusema.

Je, kuna ushahidi kwamba haya yote yanaleta tofauti? Upo, ni mdogo, lakini unasema jambo la kushangaza. Mwaka 2017 Kristin Shutts, Ben Kenward na wenzao walichapisha utafiti uliowalinganisha watoto wa miaka mitatu hadi sita wa shule ya Sweden inayofuata malezi yasiyobagua jinsia na wenzao wa shule za kawaida. Watoto wa shule hiyo walikuwa tayari zaidi kucheza na mtoto mgeni wa jinsia nyingine, na walipoulizwa mtoto fulani atapenda nini walitegemea dhana zilizozoeleka kwa kiasi kidogo kuliko wengine. Lakini walipopimwa kama wanatambua jinsia ya watu, walitambua sawasawa kabisa na wengine. Kwa maneno mengine, hawakupofuka na hawakuchanganyikiwa. Walimwona mvulana kuwa mvulana na msichana kuwa msichana, ila hawakuharakisha kuhitimisha. Matokeo haya yanawakera wote wanaotaka habari kubwa: hayamtoi mtoto mpya asiye na jinsia, na hayaonyeshi akili iliyovurugwa. Ni lazima pia yasomwe kwa tahadhari. Watoto waliopimwa walikuwa wachache, na mzazi anayempeleka mwanawe shule ya namna hiyo huenda nyumbani kwake tayari analea tofauti. Hakuna anayeweza kutumia utafiti huu kudai kuwa watoto hao wakifika miaka 14 hawatamwonea mwenzao. Unatosha kwa jambo moja: kiini cha hofu kuu, kwamba mtoto atashindwa kujijua, hakikuonekana pale mahali ambapo kingetarajiwa kuonekana kuliko popote.

Pingamizi la umri lina uzito wake na linastahili kujibiwa kwa mfano, maana maneno ya jumla hayajamtuliza mzazi yeyote. Mtoto anauliza: kwa nini Elsa ana mama wawili? Mwalimu mwenye busara hujibu kwa sentensi moja, kwamba familia ni za namna nyingi na hao ndio wazazi wa Elsa, na mtoto hurudi kwenye mchanga. Hakuna hapo tendo la ndoa, kama vile halipo tunapomwambia mtoto kuwa mjomba ameoa. Anayesema kutaja mama wawili ni kufundisha ngono ajiulize kwa nini kutaja baba na mama si hivyo. Upande wa pili, mwili wenyewe una mafunzo yake ambayo Sweden iliyatenga na suala hili na kuyapa lugha. Mvulana alikuwa na neno la kitoto la kiungo chake, snopp, msichana hakuwa na neno lisilo la aibu wala la kitabibu. Karibu na mwaka 2000 kampeni ilieneza neno snippa, na mwaka 2006 likaingia kamusini. Faida yake ni ya ulinzi: mtoto anayeweza kutaja alipoguswa anaweza kushitaki. Sisi bado tunamwambia mtoto kidude, huko, sehemu za siri, kisha tunashangaa inapofika mahakamani kuwa hakuweza kueleza. Hiyo ni mada ya safu nyingine, lakini ioneshe angalau kwamba mapema si daima adui wa utoto.

Pingamizi la wazazi ni gumu zaidi, na hapa sitawatetea wanaharakati wote. Mwaka 1976 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua shauri la wazazi wa Denmark waliopinga elimu ya lazima ya ujinsia, yaani mafunzo ya mwili na uzazi. Mahakama ilisema dola inaweza kuweka somo hilo mradi litolewe kwa haki, kwa ukosoaji na kwa kuheshimu wingi wa mitazamo. Kisichoruhusiwa ni kumtia mtoto itikadi. Mstari huo ni mzuri kwenye karatasi, lakini katika darasa la watoto wa miaka minne ni nani anayekosoa? Mtoto wa umri huo humwamini mwalimu kama anavyoiamini ngazi. Ndiyo maana kilichotokea Montgomery, wilaya ya jimbo la Maryland jirani na Washington, kinafaa kutazamwa kwa makini. Mwaka 2022 bodi ya elimu iliingiza vitabu vya hadithi vyenye wahusika wa jinsia moja wanaopendana na watoto wanaobadili utambulisho, kuanzia madarasa ya awali. Mwanzoni wazazi waliruhusiwa kuwatoa watoto wakati wa kusomwa. Machi 2023 ruhusa hiyo ikafutwa. Wazazi Waislamu, Wakatoliki na Waorthodoksi wakaenda mahakamani pamoja, muungano usioonekana kila siku, na tarehe 27 Juni 2025 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa majaji sita dhidi ya watatu, iliagiza wajulishwe mapema na waruhusiwe kuwatoa watoto wakati kesi ikiendelea. Jaji Samuel Alito aliandika kwa niaba ya walio wengi. Jaji Sonia Sotomayor alipinga, akiona kuwa kukutana tu na wazo si kulazimishwa kuliamini.

Kwa maoni yangu bodi ile ilikosea kabla ya mahakama kusema. Haikukosea kwa kuwa na vitabu hivyo rafuni. Ilikosea kwa kuyageuza maisha ya watu kuwa kipindi chenye saa yake, kisha ikafunga mlango wa taarifa. Ukishaweka kipindi, umeshaweka kitu cha kutokea. Na dawa iliyotolewa ina uchungu wake ambao hukumu haikuutafakari vya kutosha. Fikiria darasa la watoto 20. Kitabu kinatolewa, na watoto sita wanainuka kwenda chumba kingine. Mtoto wa mama wawili amebaki kwenye mkeka. Hakuna aliyemtukana, lakini amejifunza leo kuwa picha inayofanana na nyumbani kwao ndiyo ile ambayo wengine huondolewa wasiione. Kwa upande mwingine, aliyeinuka naye amejifunza kuwa imani ya nyumbani kwao ni jambo la kutolewa nalo nje. Sheria haina namna ya kuwarudisha wote wawili kwenye mkeka mmoja. Mwalimu anayo, iwapo hakuwahi kukifanya kuwa kipindi.

Sweden haina ruhusa ya kumtoa mtoto kwa saa fulani. Mzazi anaweza tu kutompeleka kabisa. Kinachoziba pengo ni jambo la kawaida ambalo wageni wengi hawalijali: kipindi cha kumzoesha mtoto, ambapo mzazi hukaa shuleni na mwanawe siku za mwanzo, hula naye, huona kila kinachofanyika, na kisha kila mwaka huitwa kwa mazungumzo juu ya maendeleo yake. Mama aliyetoka Uvira au Bujumbura, aliyepewa makazi huko baada ya miaka ya kambini, hupata siku kadhaa za kuona kwa macho yake kwamba hakuna anayemwambia mwanawe asiwe mvulana. Pale kizingiti hiki kinapopitwa haraka, au mkalimani anapokosekana, uvumi huchukua nafasi. Mwishoni mwa 2021 madai kwamba idara za ustawi za Sweden zinawateka watoto wa Waislamu yalisambaa mitandaoni duniani kote, na serikali ikalazimika kuyakanusha. Hayakuhusu shule ya awali moja kwa moja. Yalionyesha, hata hivyo, kuwa mzazi asiyeoneshwa ndani ataamini atakachosimuliwa na walio nje.

Limebaki pingamizi ninaloliheshimu kuliko yote, kwa sababu linatoka kwa mtoto. Vipi kuhusu msichana anayependa gauni la binti mfalme, na mvulana anayetaka magari asubuhi hadi jioni? Kuna shule zilizoficha gauni na magari. Egalia yenyewe ilipunguza hekaya za kale kama ile ya Cinderella, na hapo naona mkono wa mtu mzima ukirudi kukunja kwa upande mwingine. Kumwondolea mtoto anachokipenda ili awe huru ni ile ile tabia ya Gävle ya kutenganisha makundi, imevaa nguo mpya. Matofali kando ya jiko yana akili zaidi, kwa kuwa hayamwondolei mtu kitu. Yanafupisha tu umbali, na mtoto akipenda hatavuka. Kipimo changu ni hiki, na nakiri ni cha kukadiria tu: nikiona orodha ya vilivyoongezwa ni ndefu kuliko ya vilivyotolewa, naamini shule hiyo inajitazama yenyewe. Nikiona kinyume, inamtazama mtoto, na mara nyingi haimpendi inavyomwona.

Mikanda ya Gävle ilihitaji kitu ambacho shule nyingi za Sweden leo hazina. Walimu waliketi chini, wakarudisha nyuma, wakatazama tena, wakabishana. Hiyo ni saa ya kazi inayolipiwa bila mtoto yeyote kuwapo. Manispaa nyingi zinalalamika kukosa walimu wenye mafunzo, makundi ya watoto ni makubwa, na saa ya tafakuri ndiyo ya kwanza kufutwa mtu anapougua. Mtaala unabaki ukutani na sheria inabaki kitabuni. Saa tatu asubuhi ya Januari, mwalimu mmoja ana watoto 15 wa kuvalisha nguo za theluji, buti, kofia na glavu, na nje baridi inasubiri. Wavulana wanapiga kelele, kwa hiyo anawamaliza wao kwanza ili watoke. Msichana wa miaka mitano amekwishajivalia mwenyewe, na sasa anamfungia zipu mdogo aliye karibu naye, bila kuambiwa.